CC330 na CC302: kingamwili za ng'ombe kwenye damu ya mbuzi

Kingamwili zilizotengenezwa mahususi kwa protini za kinga za mbuzi ni chache mno madukani. Maabara ya Njoro au Kisumu inayotaka kujua kama chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi imeamsha seli T (seli za kinga za damu) hulazimika kuazima za ng'ombe. Kwa interferoni-gama, protini ambayo seli T hutoa zikiamka, jozi ya CC330 na CC302 ndiyo tunayoipendekeza. Zote mbili zilitokana na panya waliochanjwa kwa protini ya ng'ombe, lakini ya mbuzi inafanana nayo kiasi kwamba zinaishika.

CC330 hupakwa kwenye pleti: mikrogramu 5 kwa mililita katika bafa ya kaboneti ya pH 9.6, mikrolita 100 kila kisima, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Pleti moja ya visima 96 hula takriban mikrogramu 50, kwa hiyo chupa ya mikrogramu 100 ni pleti mbili tu. Hapo ndipo gharama inapouma. Jaribu pia mikrogramu 2. Mara nyingine inatosha. CC302 yenye biotini (vitamini inayotumika kama alama) hufuata baada ya plazma, kisha streptavidini, protini inayoishika biotini, yenye kimeng'enya cha peroksidesi, kisha TMB, kemikali ambayo peroksidesi huitia rangi, na usomaji kwenye nanomita 450.

Wengi huharibu kazi wanapoziba pleti, yaani kufunika nafasi zilizobaki tupu ndani ya visima. Maziwa ya unga yana biotini yake, nayo huikamata streptavidini kabla haijafika kwa CC302, rangi ikafifia. Tumia kasini safi (protini ya maziwa) au BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) asilimia 1. Bafa yenye azidi, dawa ya kuzuia kuoza, nayo huua peroksidesi, hivyo soma kibandiko kabla ya kumimina. Visima vya damu isiyotiwa kichocheo (kitu cha kuamsha seli T) vikiwaka, huenda plazma ina kingamwili zinazozishika za panya na kuziunganisha zote mbili. Ongeza seramu ya panya asilimia 1 kwenye kimiminika cha kuzimulia plazma.

Damu yenyewe ichukuliwe kwenye chupa ya heparini, ya kifuniko cha kijani. EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hunyakua kalsiamu, na bila kalsiamu seli T haziamki. Isiwekwe kwenye barafu, na ianze kuchochewa ndani ya muda wa saa 8: mbuzi wa Nyakach kwa maabara ya Kisumu hakuna shida, wa Mogotio kwa Njoro wakamatwe asubuhi. Mililita 1.5 za damu kila kisima cha pleti nyingine yenye visima vikubwa, nyuzi 37, saa 16 hadi 24. Kila mbuzi awe na kisima kisicho na kichocheo na kingine chenye ConA, kichocheo kinachoamsha seli T za mbuzi yeyote. Stima ikipotea usiku na inkubeta ikapoa, kisima cha ConA kitakuonyesha. Plazma yake ikikosa rangi kwenye kipimo, tupa matokeo ya mbuzi huyo.

Kasoro kubwa ni upimaji wa kiasi. Kipimo rejea (interferoni ya kiasi kinachojulikana) kinachouzwa kwa kawaida ni cha interferoni ya ng'ombe, na kingamwili huenda zisiishike ya mbuzi kwa nguvu ileile. Zimua plazma iliyochochewa kwa ConA mara 2, 4, 8 na 16, kisha linganisha mteremko wake na wa kipimo rejea. Ikienda sambamba, pikogramu zako zina maana. Isipoenda, ripoti uwiano wa kisima kilichochochewa na kisichochochewa, na uandike wazi kwamba si kiasi halisi.