Jiko la kisasa, ugali hausongeki

Nianze na hasira zangu kwa waliotufungia jiko. Mazuri yao nitayasema baadaye, kama yatabaki.

Tulipohamia nyumba yetu huku Kibamba, jikoni kulikuwa na kuta tupu na bomba moja. Tukaona kazi ile tuwape watu wanaojitangaza kwamba wanachora na kufunga majiko ya kisasa. Jina lao silitaji. Picha walizonionyesha kwenye kompyuta zilinikosha kabisa: makabati meupe juu, ya chini yana rangi ya mninga, kaunta ya graniti imekunja kona. Advansi nikaitoa siku ileile, tena kwa moyo mkunjufu.

Akaja kijana wa kupima, ana kifaa chake cha leza. Alipima kuta, akapima dirisha, bomba linapotokea, mpaka swichi ziko juu kiasi gani. Mimi nimesimama palepale mbele yake, hakunipima. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi mfupi, na humu ndani ugali unapikwa kila siku. Hapo patakapokaa jiko la gesi pashushwe." Hakunijibu. Alimgeukia mume wangu: "Mzee, sentimita tisini ndiyo kipimo cha dunia nzima. Mama atazoea." Mume wangu akamwambia, muulize mwenyewe, ndiye anayepika. Kijana akacheka kidogo, akaendelea kuandika.

Sijazoea.

Kaunta iko sentimita 90 kutoka chini. Juu yake kuna vile vyuma vya jiko la gesi, na juu ya vyuma kuna sufuria ya ugali wa watu saba. Mdomo wa sufuria unanifikia kifuani. Sasa ugali haukorogwi kama chai. Unga ukishaanza kukaza, mwiko unaukandamiza kwa uzito wa mabega, na ili uweze kufanya hivyo kiwiko lazima kiwe juu ya sufuria. Changu kiko chini yake. Nabaki kusukuma kwa kifundo cha mkono tu, sufuria inateleza juu ya vyuma, mvuke wote unakuja usoni, na uji wa moto ukiruka unanidondokea mkononi. Alama za kuungua ninazo mpaka leo. Binti yangu inabidi asimame pembeni aishike sufuria kwa tambara huku mimi nasonga. Watu wawili kwa sufuria moja! Siku nyingi tunaona bora tutoke uani na jiko la mkaa, nakaa kwenye kigoda, sufuria iko chini yangu, ugali unaiva vizuri bila mtu kuumia bega. Na graniti ya mamilioni iko ndani, inafutwa vumbi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya mambo nayafundisha. Mimi ni mwalimu wa sayansi kimu sekondari. Kimo cha meza ya kazi hakitoki hewani: unasimama wima, unakunja mkono, halafu unashuka chini ya kiwiko kama sentimita 10 hadi 15 kwa kazi ya kukata na kumenya. Kazi ya kukandamiza, yaani kukanda chapati au kusonga, inataka ushuke zaidi ya hapo. Hiyo tisini ina maana kwa mtu ambaye kiwiko chake kiko juu ya mita moja. Na kama watu ambao kijana yule anapenda kuwategemea ni Wazungu, basi awasome vizuri. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mama msanifu majengo wa Austria, alipochora lile jiko la Frankfurt, Ujerumani, ambalo lilifungwa kwenye nyumba kama 10,000 za mji ule, alianza na kazi yenyewe, hatua anazopiga mpishi na muda anaoutumia, na jiko likaja na kigoda cha kuzunguka ili mama akae anapomenya. Makabati haya ya kufunga ukutani chimbuko lake kubwa ni pale. Karibu miaka mia imepita, mtu anaingia jikoni kwangu anapima swichi.

Haya, haki yao niwape. Mtungi wa gesi wameuweka nje ya ukuta, ndani ya kizimba cha nondo, mpira unapita kwenye bomba. Hilo wamefanya kitaalamu, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, na kabati lililofungwa ndipo balaa huanzia. Sinki liko dirishani, hatua mbili hadi jiko la gesi, na friji iko karibu na mlango, kwa hiyo mtoto anachukua maji yake bila kumpita anayepika. Chini ya sinki hawakuweka MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, ambayo ikinusa maji tu inavimba; waliweka marine board, mbao zinazostahimili maji. Na zile droo za chini! Unavuta, sufuria zote kubwa zinakuja mbele yako, hakuna kupiga magoti na kuingiza kichwa kabatini. Kwa droo zile niliwahi kuwasifia kwa jirani yangu, naye akachukua namba yao.

Jirani, namba hiyo ifute.

Maana nilipowapigia kuomba ile sehemu moja tu ishushwe, dada wa ofisini aliniambia mchoro ulishakubaliwa na mteja. Mteja gani? Kumbe mchoro wa mwisho walimtumia mume wangu kwenye simu yake, naye akajua nami nimetumiwa, akajibu sawa. Pesa zote walizopokea, tangu ile advansi, zimetoka kwenye namba yangu. Nikamuuliza yule dada kwa nini hamkunitumia mimi. Akasema, "Samahani mama, tulijua mzee ndiye mwenye nyumba." Kushusha ningelipia upya, na graniti mpya juu yake.

Kazi yao ya mikono ni nzuri, sitaacha kusema hivyo. Lakini droo nzuri hata fundi samani wa mtaani kule Keko anakutengenezea ukimwelewesha, na yeye atakusikiliza.

Nimemwita fundi wa hapa mtaani. Kabla hajatoa futi aliniambia, "Mama, simama hapa, kunja mkono, fanya kama unasonga." Akapiga mstari wa penseli ukutani, sentimita 70. Kazi anaanza wiki hii, na nitamlipa kwa salio la wale wenzake ambalo bado ninalo mimi. Wakilitaka waje wadai, ila waongee na mimi.