CV jointi mpya ya IST: raba kwanza, chuma baadaye

Habari zenu wadau, hasa ninyi wenye IST na Vitz. Hili boksi ni la CV jointi ya nje, yaani kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikata kona, na leo tunaifunga hapa hapa nyumbani. Tulifungue kwanza, maana dukani wengi wetu tukiona chuma kinang'aa tunalipa.

Chuma hiki hapa. Nikikizungusha mnaziona gololi sita, zinatembea laini kila upande, hakuna kukwama. Hapo nimeridhika. Hesabuni na meno: ya ndani yanayoshika shafti na ya nje yanayoingia kwenye hab, kile kitovu kinachoshika gurudumu. Yakipishana na ya jointi ya zamani hata jino moja, haifungi. Gari likiwa na ABS, zile breki zinazozuia tairi kujifunga, hakikisheni jointi ina ringi yake, la sivyo taa itawaka kwenye dashibodi.

Sasa raba, yaani kifuniko kinachoziba jointi, na hapa nitakaa kidogo. CV jointi nyingi haziishi zenyewe, zinauawa na raba iliyochanika. Grisi inarushwa nje, mchanga na maji vinaingia, gololi zinajichimbia mashimo, ndipo mkikata kona kali mnasikia ka-ka-ka-ka gurudumuni. Kwa hiyo ukiona raba imepasuka na mlio bado, badilisha raba tu, osha jointi, weka grisi mpya. Utaokoa hela nyingi. Raba hii naibana, naikunja, mikunjo haina nyufa. Nzuri. Klipu zake ndizo sijazipenda, bati jepesi mno. Nimenunua nyingine nene, nanyi fanyeni hivyo. Grisi ni hii nyeusi yenye molibdeni. Tumieni yote, msichanganye na grisi ya kawaida.

Kazi yenyewe. Gari likiwa chini, inua ule mdomo wa nati uliobonyezwa, legeza nati ya hab kwa soketi ya 30 na bomba refu. Kisha jeki, na stendi chini ya bodi. Jamani, tofali halibebi gari, linapasuka bila taarifa. Toa gurudumu, toa tairodi endi (ncha ya fimbo ya usukani), fungua hozi ya breki pale iliposhikizwa kwenye shokapu, halafu bolti mbili za shokapu. Hab ikilala nje, gonga ncha ya shafti taratibu, nati ikiwa bado imeshika nyuzi chache ili zisiharibike. Shafti msiivute kwa nguvu, jointi ya ndani itachomoka. Tukiiacha ndani ya gia boksi, hata oili hatumwagi.

Kata raba ya zamani, futa grisi, gonga jointi kwa kipande cha shaba mpaka iachie. Sasa sikilizeni vizuri: klipu ndogo na raba vinaingia kwenye shafti KABLA ya jointi. Zungushia meno tepu, raba isichanike. Weka ringi mpya ya kufungia, ingiza jointi, gonga kwa nyundo ya plastiki mpaka usikie imedaka. Ivute. Ikitoka, haijakaa. Jaza grisi yote, kalisha raba kwenye mifereji yake, chomeka bisibisi nyembamba ukingoni ili hewa itoke, ndipo ukaze klipu.

Rudisha vyote, na nati ya hab iwe mpya. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, nyutoni mita 216, gurudumu likiwa chini, kisha bonyeza mdomo wake. Kukaza kwa kukisia kunaua bearingi.

Uamuzi wangu: boksi hili linunueni, mradi mbadilishe klipu. Jointi ya mtumba siipendekezi, kwa sababu ndani huwezi kuona gololi zimeshachimba kiasi gani. Mkimaliza, tafuteni uwanja, kateni usukani mpaka mwisho, zungukeni kulia na kushoto polepole. Kukiwa kimya, pelekeni gari alaimenti, maana bolti za shokapu zimeguswa. Baada ya wiki chungulieni raba: mkiona grisi imetapakaa kwenye rimu, klipu haijabana, ikazeni siku hiyo hiyo.