Tone nene au utando mwembamba: kusoma vimelea vya malaria

Plasmodium, kimelea cha malaria, ni seli moja yenye kiini halisi, kama seli zetu. Ndiyo maana rangi ya Giemsa humfichua vizuri: kiini chekundu, saitoplazimu (ute unaokizunguka) ya buluu.

Kwa mgonjwa mwenye homa aliyefika kituoni Tororo au Apac, Uganda, anza na tone nene. Tandaza mikrolita 6 za damu katika duara la milimita 12, likauke, na usiliguse kwa methanoli, alkoholi inayogandisha chembe. Maji ya rangi hupasua chembe nyekundu, hemoglobini hutoka, hivyo hata vimelea vichache huonekana. Hesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe 200, zidisha kwa 8000 (makadirio ya chembe nyeupe kwa mikrolita), gawanya kwa 200: utapata makadirio ya vimelea kwa mikrolita. Slaidi nyingi huharibika methanoli inapochuruzika hadi kwenye tone, au linapokaushwa kwa joto kali. Hemoglobini hunasa humohumo na huoni kitu ila giza.

Utando mwembamba, mikrolita 2 tu, huchovywa methanoli kwanza, kwa hiyo chembe nyekundu hubaki nzima. Huo ndio wa kutambua spishi, yaani aina ya Plasmodium (kwa kifupi P.). P. falciparum haikuzi chembe, na gametosaiti zake (seli zake za uzazi) zimepinda kama mwezi mwandamo. P. ovale huikuza chembe na kuijaza vitone vya Schüffner (vidoa vidogo vyekundu), P. malariae mara nyingi hujinyoosha kama mkanda. Zingatia pH (kipimo cha asidi) ya 7.2 katika maji ya rangi: rangi ikiwa na asidi, vitone hivyo havitokei. Vimelea vikiwa vichache, utando peke yake usiuamini.