Kabla ya kununua raketi ya pikoboli, ulizia orodha

Mwamuzi aliigeuza raketi yangu mara mbili, akasoma jina, akatazama simu yake, akalisoma tena. Nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu nasubiri kuitwa kwenye mashindano ya pikoboli, ule mchezo wa kupiga mpira wa plastiki wenye matundu kwa raketi ya uso mgumu. "Dada, hii haimo," akaniambia. Nikamwonyesha alama ya kuidhinishwa iliyochapishwa juu kidogo ya mpini, wino wake bado unang'aa. Akanijibu kwa upole kwamba alama anaiona, ila modeli yenyewe ilishaondolewa kwenye orodha ya raketi zinazoruhusiwa mashindanoni. Nikaazimwa nyingine, nzito kichwani kuliko niliyoizoea, na mipira yangu ya taratibu yote ikaishia wavuni.

Raketi ile nilikuwa nayo wiki tatu tu. Aliyeniuzia alijua, maana nilipomrudia alisema, "Lakini alama si ipo?" Tangu siku hiyo kila anayeniomba ushauri wa raketi namwuliza swali moja kwanza: utacheza mashindano ya nani?

Uzito, unene wa mpini na rangi siviandikii hapa. Hivyo mkono wako utakuambia ndani ya dakika kumi za kucheza na raketi ya kuazima. Nashughulika na alama, kwa sababu karibu hakuna anayeieleza.

Mchezo wenyewe si wa jana. Ulianzia Bainbridge Island, jimbo la Washington nchini Marekani, mwaka 1965. Chama kilichokuja kuwa USA Pickleball kiliundwa mwaka 1984, na kwa miaka mingi kanuni zake za vifaa ndizo zilizofuatwa karibu kila mahali. Kisha wachezaji wakafurika, fedha zikaingia, na mwaka 2024 wenye ligi za kulipwa, yaani PPA Tour na Major League Pickleball zilizoungana chini ya mwavuli mmoja, wakaanzisha chombo chao cha kupima na kuidhinisha vifaa, UPA-A. Kwa hiyo sasa kuna mihuri miwili, na mmoja hauchukui nafasi ya mwingine. Raketi anayopiga nayo bingwa kwenye televisheni inaweza kuwa na muhuri wa ligi yake, wakati mashindano yako ya wikendi yanafuata orodha ya USA Pickleball. Kimataifa nako hakujatulia: International Federation of Pickleball iliundwa 2010, na Global Pickleball Federation ikatokea 2023. Soma fomu ya mashindano mpaka mstari wa mwisho ujue inafuata kanuni za nani.

Kanuni za USA Pickleball zenyewe hazina ugumu. Urefu ukijumlishwa na upana usizidi sentimita 60.96, na urefu peke yake usizidi 43.18. Ndiyo maana raketi ndefu huwa nyembamba. Ukitaka kufika mbali unapunguziwa uso. Uzito hauna kikomo, unene nao hauna. Ukwaruzo wa uso, ule unaoupa mpira mzunguko, unapimwa kwa maikromita. Mpaka hapo kila kitu ni cha kupima kwa rula na vifaa vidogo, na raketi iliyopita leo itapita na kesho.

Kasheshe iko ndani ya raketi. Nyingi zina kiini cha plastiki kilichotengenezwa mfano wa sega la nyuki, katikati ya nyuso mbili za nyuzi za kaboni. Ukipiga miezi kadhaa, vijumba vya sega huanza kupondeka au uso kubanduka kutoka kwenye kiini. Uso ukilegea hivyo unarusha kama trampolini, na mpira unatoka kwa kasi kuliko siku uliyonunua. Raketi iliyopita maabara ikiwa mpya inakuwa haramu mkononi mwako bila wewe kufanya lolote. Igonge kwa kifundo cha kidole kuanzia katikati kuelekea pembeni. Nzima inatoa mlio ule ule kote. Iliyobanduka ina sehemu inayolia kama debe tupu, na ukibonyeza kwa dole gumba kwa nguvu unasikia mkwaruzo mdogo ndani. Ifanyie hivyo raketi ya mtumba kabla hujatoa hela, muuzaji akuangalie.

Kwa sababu hiyo USA Pickleball ilileta kipimo kipya kiitwacho PBCoR: mpira unarushwa kwenye raketi, kasi ya kurudi inalinganishwa na kasi ya kwenda. Tarehe 1 Julai 2025 ikawekwa kuwa kikomo kwa baadhi ya modeli kwenye mashindano yake, zikiwemo ProKennex Black Ace na Gearbox Pro Power Elongated. Watu walizinunua kihalali, zikiwa na alama. Mwaka mmoja nyuma, Mei 2024, raketi za JOOLA za kizazi cha tatu ziliondolewa kwenye orodha muda mfupi baada ya kutoka, na kampuni ikaenda mahakamani. Wakubwa wanagombana kwa mawakili, na mnunuzi wa kawaida anabaki ameshika kibao cha mazoezi.

Basi, kwa mtu anayetaka kucheza mashindano ya kawaida, nazipanga hivi.

Ya kwanza kwangu ni Selkirk, na sifichi kwamba naipenda. Ni kampuni ya familia kutoka Idaho, na raketi zake nyingi za daraja la juu huja na dhamana ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza. Kiini kikipondeka, hilo ndilo jambo la kukuokoa. Chukua Luxx Control Air kama mchezo wako ni wa subira pale jikoni, ile sehemu ya mita 2.13 kila upande wa wavu ambamo huruhusiwi kupiga mpira kabla haujadunda. Raketi za kutuliza mpira haziko karibu na kikomo cha kasi, kwa hiyo kanuni zikikazwa, hizi ndizo za mwisho kutikisika. Inatoka kwa maumbo matatu: Invikta ni refu, S2 ni pana, Epic liko katikati. Anayeanza achukue Epic.

Ya pili ni Six Zero Double Black Diamond, kutoka Australia. Ina nguvu zaidi na uso wake unashika mpira vizuri sana. Ila ipo ya milimita 14 na ya milimita 16, na hapa watu wengi wanateleza: orodha husoma modeli kwa jina kamili pamoja na unene. Usitafute "Six Zero" ukaridhika. Tafuta jina lote, neno kwa neno, namba kwa namba.

JOOLA naiweka ya tatu. Ni raketi nzuri, napenda inavyokaa mkononi, lakini majina yake yanafanana mno kizazi hadi kizazi. Mtu anaweza kukuuzia ya zamani akiiita mpya, au kinyume chake, na wewe usigundue mpaka siku ya ukaguzi.

Gearbox na ProKennex ninawashauri wenye maumivu ya kiwiko wasizikimbie kwa sababu ya modeli chache zilizoondolewa. ProKennex hasa huweka chembe ndogo ndani ya fremu za kupunguza mtikisiko, na mkono unaoumwa unaisikia tofauti hiyo. Hakikisha tu modeli.

Za bei ya chini zenye uso wa mbao au seti za mbili mbili na mipira minne: za kuchezea na watoto.

Sasa wauzaji. Modeli ikiondolewa tu, wanaishusha bei, wanaandika "ofa," na hakuna hata mmoja anayeandika sababu. Picha wanaweka ya upande wenye alama. Niliomba nirudishiwe fedha, nikaambiwa bidhaa haina kasoro. Kasoro ipo: nimenunua raketi ya mashindano isiyoingia mashindanoni, na aliyenihudumia alikuwa nayo taarifa hiyo siku nalipa. Siku hizi muuzaji naomba aandike kwenye risiti jina kamili la modeli, unene kwa milimita, na maneno "imo kwenye orodha" pamoja na tarehe. Wawili wamekataa kuandika, na kwa wote wawili sikununua.