Kijijini kwa Wahmong, mwongozaji aliingia bila hodi

Fedha nilitoa mimi, kwa hiyo niacheni niseme. Mwaka juzi, au labda mwishoni mwa ule uliotangulia, nilikuwa Hanoi kwa mafunzo na wenzangu wawili, tukaona si vizuri kurudi nyumbani bila kuiona milima ya kaskazini mwa Vietnam. Tukalipia safari ya siku tatu kwa kampuni moja ya mjini: Hà Giang, Đồng Văn, kisha kwa miguu mpaka kijiji cha Wahmong, kabila la milima ile, ambako gari halifiki. Picha za Mã Pí Lèng, njia ya mlimani ya huko, zimejaa mtandaoni, sitawachosha nazo.

Tulipanda mlima kwa muda wa karibu saa tatu. Mawe ya kijivu kila upande, na katikati ya mawe, mahali padogo kama sufuria, mtu amepanda mahindi. Udongo wenyewe wanaubeba mgongoni kwa vikapu, wanaujaza kwenye mashimo ya miamba. Mimi nimekulia Makete, mahindi na baridi nimevizoea, lakini pale nilisimama nikatazama.

Tukafika nyumba ya kwanza. Kuta nene za udongo, ua wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na mlangoni limening'inizwa fungu la majani mabichi. Mwenzangu akauliza majani yale ni ya nini. Mwongozaji wetu, kijana wa mjini, akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akasukuma mlango, akaingia. Nasi, kwa aibu yetu, tukamfuata.

Ndani giza na moshi. Mzee mmoja amelala karibu na moto, bibi ameketi kando yake. Ukutani, mkabala na mlango, karatasi iliyobandikwa manyoya ya kuku: pale ndipo wanapoomba. Kijana akawasha tochi ya simu, akafunua chungu cha watu atuonyeshe kilichomo, kisha akamwashiria bibi asogee kwenye mwanga apigwe picha. Kumwashiria kwa kidole! Bibi hakusema neno. Alitazama mlango, akatutazama sisi, akatazama mlango tena. Sikupiga picha, lakini miguu yangu ilikuwa ndani.

Usiku, kule tulikolala, binti wa mwenye nyumba aliyejifunza Kiingereza kwa wageni akatueleza. Majani mabichi mlangoni maana yake humo ndani kuna tambiko, pengine kwa ajili ya mgonjwa, na mgeni haingii mpaka siku zake ziishe. Yule kijana hupita njia ile kila wiki. Alijua! Kwetu hata mtoto wa miaka minne anapiga hodi, na asipoitikiwa anageuka. Nikaanza kuandika maoni ya mtandaoni palepale kwenye simu: nyota moja, msiende kabisa.

Asubuhi nikafuta. Mama mwenye nyumba alinipa mpini wa jiwe la kusagia, mahindi yakawa yanashuka tunduni kidogo kidogo nami nazungusha mpaka bega likauma. Unga ule unanyunyiziwa maji, unapikwa kwa mvuke, unatolewa kuvunjwa madonge, unarudishwa kwenye mvuke tena. Wanauita mèn mén. Haushikani kama ugali. Unakula kwa kijiko na mchuzi wa mboga za majani. Nilikula bakuli tatu. Mama akacheka, akamwambia binti yake jambo, naye akanitafsiria: "Anasema wewe umelelewa na mahindi." Machozi yalinilenga.

Basi nendeni. Hapana, ngojeni kwanza. Nilimuuliza binti wanapewa kiasi gani kwa kulaza na kulisha watu watatu. Alichonitajia hakikufika hata sehemu ya kumi ya nilicholipa mimi peke yangu, hasira ikarudi upya. Nendeni, lakini si kwa kampuni kama ile. Tafuteni Mhmong mwenyewe awaongoze. Kule Sa Pa, mji mwingine wa milima ya kaskazini, kina mama wa Kihmong wanaifanya kazi hiyo, na fedha mumpe mkononi.

Wakati wa kushuka tulipita tena nyumba ile. Majani yalikuwa bado mlangoni, yameanza kunyauka. Kijana alipitiliza akiongea na simu. Mimi nilisimama nje ya ua. Bibi alitoka kumwaga maji, akaniona. Nikainamisha kichwa. Akaingia ndani, akafunga mlango.