Kisu cha kukatia silikoni ya sampu: uzoefu wangu na Probox, Likoni

Nimekitumia kisu hiki kwa magari mawili sasa, langu na la shemeji yangu, kwa hiyo naweza kukisemea. Ni bapa la chuma kigumu lenye makali, upana wake kama vidole vitatu, limeshikizwa kwenye mkono mnene wa kupigwa nyundo. Kazi yake ni moja tu: kuiachanisha sampu ya oili, yaani bakuli la chini ya injini linalobeba oili, na injini pale gundi ya silikoni inaposhika isitake kuachia. Nilikinunua kwenye duka la spea upande wa Mwembe Tayari kwa shilingi 1,300, baada ya kushindwa Jumamosi nzima na bisibisi.

Gari langu ni Toyota Probox yenye injini ya 1NZ, na kwa kazi zangu huvuka feri karibu kila siku. Nyinyi mnaovuka mwajua: maji ya chumvi yamejaa pale gari linapopandia na kushukia, na upepo wa bahari haulali. Sampu ya chini ya injini hii ni bati la chuma, na chumvi huanza kuila taratibu kutokea ukingoni. Yangu ilikuwa ikitoa jasho la oili kwa muda mrefu. Kila asubuhi nilikuta tone jipya uani, na oili kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa ikishuka kabla ya siku ya sevisi kufika.

Siku ya kwanza nilipandisha mbele ya gari kwa jeki, nikaweka stendi mbili, nikakaza breki ya mkono na kuzuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Tafadhali msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika mbili. Nilimwaga oili, nikafungua boliti zote za namba 10, nikangoja sampu ianguke. Wapi! Ilikaa pale pale kama imechomelewa. Nikaigonga kwa nyundo ya mpira, nikaigonga tena, mpaka bega likaniuma. Nilipochomeka bisibisi nikabetua, lililosogea lilikuwa bati la ukingo, si sampu. Lilijikunja kidogo kwa nje, na hapo moyo ukanishuka.

Nilipoangaza tochi niliona ukingo ulikuwa na mikunjo mingine ya zamani. Fundi aliyeifungua kabla yangu alipita njia hiyo hiyo, kisha akapaka silikoni mpya juu ya ya zamani bila kukwangua. Nililipia kazi ile kama kazi kamili. Inauma, kwa sababu mvujo nilioishi nao muda wote ule ulitokana na ukingo uliopindwa, na mimi nikidhani gari limezeeka.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu ufundi bandarini. Alikuja akachutama, akatazama, akaniambia, "Mwanangu, wewe wapigana na chuma, na kilichokushika si chuma."

"Ni nini basi, ami?"

"Ni ulimbo. Fenesi halikatwi kwa nguvu, lakatwa kwa kisu kilichopakwa mafuta."

Maneno yale yalinifungua akili. Kwenye injini hizi Toyota hawaweki gasketi ya karatasi kati ya sampu na sehemu ya juu. Hupakwa uzi wa silikoni, nao ukikauka huwa mpira unaonata pande zote mbili. Ukivuta kwenda chini unashindana na mpira wote kwa pamoja. Ukipitisha makali kati yake, unaukata kidogo kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilirudi chini ya gari na kisu hiki. Kwanza nilikipitisha tupa, kwa sababu makali yake yalitoka dukani na vijino vya chuma. Kisha nikazungusha utepe mweusi wa umeme kwenye bapa, kama sentimita moja na nusu kutoka kwenye makali, kuwa alama ya mwisho wa kuingia. Ndani kuna chujio la oili na bomba lake, na kisu hakina macho. Boliti mbili za pembe zinazokabiliana nilizirudisha nyuzi chache, ili sampu ikiachia isinidondokee usoni.

Nilipaka bapa oili, nikaanza katikati ya upande mrefu, mbali na pembe. Pigo la kwanza lilitoa mlio mkali wa chuma. La tatu au la nne, mlio ukabadilika ukawa mzito, kama kugonga gogo bichi, na nikahisi makali yameingia kwenye mpira. Hapo unaacha kugonga nyuma ya mkono, unagonga ubavu wa bapa ili kisu kitembee kufuata ukingo. Kilitembea! Nyuma yake ulibaki ufa mwembamba, na vijiuzi vyeusi vya silikoni vikivutika kama utomvu wa fenesi kweli. Sikukimbilia. Ilinichukua kama dakika arobaini, kisha upande mmoja ukashuka wenyewe na oili iliyosalia ikatiririka kwenye beseni.

Sasa kasoro, maana zipo. Mkono wa kisu ni laini mno, na mikono ya oili hukiacha kiteleze. Niliufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwenye pembe hakipindi, kwa hiyo pembe zote nilizimalizia kwa kukwangua polepole. Na hili ndilo kubwa: juu ya sampu ya bati, injini hii ina sampu nyingine ya aluminiamu, laini kuliko kisu. Mara moja nilikiinamisha kikaacha mkwaruzo. Bahati njema ulikwenda kwa urefu wa ukingo. Ungeukata ukingo kwa upana, oili ingepata njia ya kutokea. Kilaze kisu kabisa, kiegemee upande wa bati.

Kwa gari la shemeji hakikutufaa. Sampu yake yote ni aluminiamu ya kusubu, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu, na nilipojaribu pigo la kwanza niliona kinaanza kula ukingo. Tuliacha, tukatumia kabari ya mti mgumu na nyundo ya mpira, pembe kwa pembe, mpaka ikaachia. Kwa hiyo kama sampu yako si ya bati, usikinunue.

Kurudisha hakukuwa na shida. Niliunyoosha ukingo juu ya ubao kwa nyundo ndogo, nikakwangua silikoni yote kwa kikwangulio cha plastiki, nikafuta kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Uzi mpya wa silikoni niliupaka wa milimita 3 hadi 4, ukipita upande wa ndani wa matundu ya boliti, nikafunga mara moja kabla haujaanza kukauka. Boliti hizi ni ndogo na hutaka mkazo mdogo, karibu Nm 9 tu (Nm, yaani nyutoni mita, ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Ukitumia nguvu za kukazia gurudumu utazikata. Niliacha gari lilale usiku kucha bila oili, asubuhi nikabadilisha filta na kujaza lita 3.7.

Wiki ya tatu hii naweka boksi la katoni chini ya injini kila usiku. Bado ni kavu. Kisu chenyewe kiko kwa mzee jirani. Mwanawe ana Vitz inayovuja pale pale, na ameniomba Jumamosi nikamshikie tochi.