Leseni ya saiti moja: plagini nzuri, wakala sasa…

Kama unatengenezea watu websaiti hapa Dar na unataka kununua plagini ya kubuki vyumba (kiprogramu cha kuongezea kwenye websaiti iliyojengwa kwa WordPress) kwa wakala wa hapa hapa mjini, soma kwanza. Jina la wakala silitaji, sitaki kesi.

Plagini yenyewe iko poa, hilo siwadhulumu. Vifurushi viko vitatu: saiti moja, saiti tano na kile kisicho na kikomo. Mteja wangu ana loji Kigamboni, loji moja, domeini moja ya .co.tz, sasa mtu mwenye akili zake atanunua kipi? Nikachukua cha saiti moja, nikaijenga saiti kwanza kwenye sabdomeini yangu ya majaribio, yaani anwani ndogo chini ya domeini yangu mwenyewe, kama tunavyofanya wote, maana huwezi kujenga laivu wageni wa mteja wanakuangalia. Siku ya kuhamisha nabandika ufunguo, ile kodi ya leseni unayopewa ukinunua, kwenye saiti ya domeini yake naambiwa leseni imeshatumika. Imetumika wapi?? Kumbe sabdomeini ya majaribio nayo kwao ni saiti! Kuna kampuni kibao hazihesabu saiti za majaribio, hawa wanahesabu, na kwenye ukurasa wa bei hawajasema popote.

Haya, nikapiga simu. Kijana kapokea, salamu hajaitikia, namweleza taratibu ananikatisha, "dada, saiti moja ni saiti moja, we ulielewaje?" Nikamwambia kaka naomba basi uifute ile ya majaribio nibaki na hii, anasema niongeze hela nichukue cha saiti tano. Tano za nini na loji ni moja! Halafu kabla hajakata namsikia anamwambia mwenzake "hawa mafundi wa WordPress hawa", wanacheka. Wanacheka jamani, na mimi bado niko hewani! Huku mteja naye anapiga, dada vipi, sikukuu hiyo inakuja, watu wataanza kubuki lini.

Na kinachoniuma, WordPress iko chini ya leseni huria ya GPL na plagini hii pia, yaani programu yenyewe unaruhusiwa kuiweka hata kwenye saiti mia. Unacholipia ni ufunguo tu, apdeti na sapoti za mwaka mmoja. Apdeti sawa, plagini inayogusa malipo ya watu usithubutu kuiacha bila apdeti. Ila sapoti ndo hiyo ya kuchekwa? Mwisho nikaipata mwenyewe: unaingia kwenye saiti ya majaribio, unaenda mipangilio ya leseni, unabonyeza kuondoa ufunguo, nafasi inarudi. Basi! Sentensi moja tu, na yule kijana ameshindwa kuisema.

Kwa hiyo msinunue. Yaani, nunueni, ila kwa watengenezaji wenyewe, sio kwa wakala. Tatizo kule wanataka kadi na dola, wakala anapokea M-Pesa, ndo wanapotunasia hapo. Na nikiwa mkweli, kama una wateja kadhaa kile cha saiti tano hesabu yake inalipa, ila tu sio kwa kulazimishwa na mtu anayekucheka.

Nawapa nyota mbili. Tatu kwa ajili ya plagini, halafu natoa moja ya kile kicheko, kwa hiyo mbili.

Sasa hivi kuna saluni Sinza nayo inataka watu wabuki mtandaoni, nimeshafungua ukurasa wa bei nakiangalia hicho hicho cha saiti tano. Ila simu atapiga mdogo wangu, mimi yule kijana nitamtukana.